Mwali Niliyempeleka Chuoni

Nyie mabinti mnaojaza masanduku kwenda chuo, kaeni hapa kwanza. Godoro halitaondoka bila nyie. Mwezi uliopita nilikuwa namwangalia mjukuu wangu akijiandaa kwenda kusomea uuguzi: ndoo, pasi, biskuti, na mafuta ya nywele ya kuanzishia duka. Nikamuuliza, na nani amekufunda? Akacheka mpaka akakaa chini. Ati bibi, mtu hafundwi kwenda chuo. Hajui kwamba mie ndiye mtu wa kwanza Temeke nzima kumfunda mwali wa chuo, na nilikwenda naye mpaka mlangoni pa chuo, mie na sanduku lake la bati na mbuzi yake ya kukunia nazi.

Kwa msiojua, nilikuwa kungwi. Ndiyo kazi iliyonilisha tangu enzi za Mwingereza mpaka magoti yalipokataa ngoma. Kungwi anamfunda msichana kabla hajaolewa, anamsinga, yaani anamsugua mwili kwa manukato ya liwa, anampamba, anampeleka kwa mumewe, halafu anakaa naye kule fungate nzima, zile siku saba za mwanzo, mpaka ahakikishe kwamba mtoto wa watu amepokewa. Nyie siku hizi mnakodi ukumbi, mnaleta mtu na spika, anawafokea saa mbili, mnampa zawadi na kesho hamkumbuki hata jina lake. Sitaki kusema zaidi.

Mie nilifundishwa kazi na Bi Tatu wa Keko, mwanamke mfupi, mkali, aliyekuwa akivuta ugoro na kupiga chafya katikati ya nasaha. Alikuwa na neno moja: mwali usimfundishe kitu mpaka ujue anaogopa nini. Makungwi wengi wanamwaga maneno siku ya mwisho, mwali ana hina mikononi, ana njaa, ana usingizi, anaitikia tu. Hapo hata ukimwambia mumewe ni mamba ataitikia. Bi Tatu akisema, msinge taratibu, mgongo ukilegea na ulimi utalegea.

Na makosa nilifanya, msidhani. Mwali wangu wa kwanza kumpeleka peke yangu alikuwa wa Kurasini. Nilimfunda vizuri kwamba asifunue uso wala asitoe mkono mpaka bwana arusi ampe kipamkono, ile zawadi ya kumshika mkono kwa mara ya kwanza. Mtoto akashika. Siku ya kwanza bwana hakutoa kitu. Ya pili hakutoa. Nikamfuata, nikamuuliza mambo vipi, akaniambia anamshukuru Mungu kampa mke mwenye haya. Mwanamume yule alikuwa bahili kiasi kwamba angeishi na mke wa kufunikwa shuka mpaka kiama. Tangu siku hiyo nikajua kipamkono unakitaja mwenyewe, mapema, na unakitaja kwa sauti ya kusikika. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa huyo mwali wa chuo alikuwa Zainabu, binti wa Bwana Athumani, fundi wa karakana ya reli. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ile ya kwangu, ua wetu mmoja. Mama yake alifariki zamani, akalelewa na bibi yake, Bi Kidawa, mama wa Athumani. Zainabu alikuwa amemaliza darasa la kumi katika shule ya wasichana mjini, umri wake kumi na minane na ushee, na akapata nafasi ya chuo cha ualimu huko bara. Wasichana wa kwetu waliofika hapo ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki vya kukwangulia ukoko.

Bwana Athumani alikuwa mtu wa kufungua injini ya garimoshi na kuifunga tena, lakini mbele ya mama yake alikuwa anatafuta viatu vyake kwa macho. Alipomweleza habari za chuo, Bi Kidawa alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Athumani," akasema, "katika nyumba hii msichana anatoka kwa njia mbili. Kwa arusi au kwa jeneza. Nionyeshe ya tatu."

Bwana Athumani hakuwa nayo ya tatu. Na Bi Kidawa alikuwa tayari na ya kwanza, maana Seif mwenye duka la kona alishaleta posa. Seif hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mizani yake haidanganyi, na ukienda kununua sukari anakuulizia wagonjwa wako wote. Ila alikuwa anazungumza juu ya sukari tu. Zainabu aliniambia amewahi kumuuliza dunia ina mabara mangapi, akajibu atamuuliza mwenye duka la jumla.

Nikaitwa mie, kungwi wa mtaa, nimtie akili Bwana Athumani. Nimekaa kwenye mkeka, sijafungua kinywa, nikasikia sauti ya Zainabu kutoka chumbani, nyuma ya pazia.

"Basi nitoeni kwa arusi."

Bi Kidawa akaacha mchele. "Na nani?"

"Na chuo."

Nilingoja tusi. Tusi lilikuja, refu, limepita kwa babu wa Zainabu na shule na Waingereza na tai wanazovaa. Lakini mie nilikuwa namwangalia Bi Kidawa mikono. Neno arusi lilikuwa limeshaingia. Hakuna mwanamke mtu mzima wa pwani anayeweza kusikia neno hilo akatulia. Katikati ya tusi nikamsikia anauliza kama nazi za shamba la Chamazi zitatosha.

Akaweka masharti. Mwali afundwe kama mwali. Asingwe, apakwe hina, atolewe kwa ngoma. Kungwi aende naye, akae fungate. Na kungwi akirudi, arudi na kisarawanda. Kisarawanda, kwa nyie wa leo, ni kile kitambaa cheupe chenye doa la damu ya usiku wa kwanza, ambacho kungwi anarudi nacho kwa wazee wa mwali, ushahidi kwamba alikwenda na heshima yake na amepokewa.

"Bibi," nikamwambia, "huko ni shule. Kitambaa cha nini?"

"Sijui cha nini. Sijui wanavyopokea watu huko. Lakini nataka nione kwa macho yangu kwamba mtoto wangu amepokewa. Neno la mdomo silitaki. Maneno ya Wazungu nimeyasikia tangu Mjerumani. Ukirudi mikono mitupu, Athumani anapanda garimoshi anamrudisha, na mwezi ukiandama anaolewa na Seif."

Kitambaa chenyewe tulikinunua dukani kwa Seif. Bafta safi, nyeupe, akatukatia na nyongeza ya bure, na akaniulizia wagonjwa wangu.

Basi nikaanza kazi ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha. Mume namjua: analala, anakula, anakasirika. Chuo kinafanya nini? Nikawauliza wajuao, na Temeke kila mtu alikuwa mjuzi. Mmoja aliyewahi kumpikia Mzungu alituletea uma na kisu, tukamfanyisha Zainabu mazoezi ya kula ugali kwa uma, zoezi ambalo lilikwisha vibaya kwa ugali. Mwingine akasema bara kuna baridi ya kuvunja mayai, Bi Kidawa akatia sandukuni blanketi tatu na mafuta ya karafuu. Bwana Athumani alifundisha alichokijua, yaani kwamba garimoshi likipinda usitoe kichwa dirishani.

Nasaha ya maana ilitoka kwa jirani yetu aliyeishi uke wenza miaka mingi. Alipoambiwa wasichana watalala wengi chumba kimoja, akasema, hayo nayajua. Akamkalisha Zainabu. Juma la kwanza usimwambie mtu siri yako, hata aliyekupokea mzigo. Sabuni yako ikate vipande, toa kipande, ficha mche. Usiwe wa kwanza kula wala wa mwisho kuamka. Na yule atakayekusifia sana siku ya kwanza, mpe salamu ya mbali. Mjukuu wangu alipokuwa anafunga ndoo yake nilimpa maneno hayohayo, neno kwa neno, na amekwishaniandikia kwamba sabuni yake imeibwa kwa sababu hakusikia.

Lakini mie nilikuwa nangoja mgongo ulegee. Nilimsinga Zainabu kwa liwa na maua, kutwa, kimya, na alikuwa mkavu wa maneno, anajibu lile uliloliuliza na basi. Nilidhani anaogopa masomo. Siku ya kumpaka hina akasema mwenyewe, ameinamisha uso.

"Kungwi, siogopi kwenda. Naogopa kurudi."

"Kurudi kuna nini?"

"Nikirudi nitakuwa najua mambo ambayo bibi hayajui. Ataniangalia aone mgeni. Hataki kusema, lakini ndilo linalomtia hasira. Na mie ndilo linaloniliza."

Wallahi! Bi Tatu hakunifundisha hilo. Mwali wa mume anarudi kwao na mtoto mgongoni, bibi anamjua kwa mtoto. Huyu atarudi na nini? Nikaushika mkono wa pili, nikaupaka hina.

Siku ya kuondoka stesheni ilijaa. Tulikwenda na ngoma, kanga za sare, mkeka, udi, na lile sanduku la bati ambalo lilibebwa na watu wawili. Zainabu amefunikwa gubigubi, anatembea ameshikwa mkono. Mkagua tiketi akauliza bwana arusi yuko wapi. Bwana Athumani akasema, yuko bara, ametangulia. Bi Kidawa hakuja stesheni. Alibaki uani, alisema jua kali, na mvua ilikuwa inanyesha.

Safari ilituchosha, tukafika asubuhi na masizi puani. Wasichana wengine walikuwa wanashuka na visanduku vidogo, viatu vya kamba, wanatuangalia. Mkuu wa chuo alikuwa mama wa Kiingereza, mrefu, soksi nzito mguuni, funguo kiunoni. Alikuwa na Kiswahili cha kuamrishia watumishi, kwa hiyo akamwita mpishi wa chuo, mzee wa Kinyamwezi, amsaidie.

"Huyu ni nani?" mama akauliza, ananionyesha mie.

"Kungwi wake," nikasema.

Mpishi akafikiri, akamwambia ni mwalimu wake.

"Mwalimu wa nini?"

"Wa mambo ya kuolewa," nikasema.

"Hapa haolewi mtu."

"Najua. Ndiyo maana amekuja."

Mama akaona maneno hayafiki mahali. Akamgeukia Zainabu, akanyoosha mkono amsalimie. Sasa mwali yuko ndani ya buibui, ushungi mpaka kifuani, na nimemfunda mie. Mkono hautoki. Mkono wa Mzungu ukabaki hewani. Wasichana wakaanza kucheka na yule mama akaanza kubadilika rangi. Nikakumbuka bahili wa Kurasini, nikasema kwa sauti ya kusikika.

"Mzee, mwambie mkono wa mwali hautolewi bure. Atoe kipamkono."

Mpishi akanikodolea macho. "Mama, nimwambie Mzungu maneno hayo?"

"Mwambie kwetu ndiyo heshima. Akitoa amempokea. Asipotoa tunarudi na garimoshi lilelile."

Sijui alitafsiri nini. Alizungumza kwa muda, kwa mikono, akanionyesha mie, akalionyesha sanduku. Yule mama akatuangalia wote. Mie nikaanza kujuta, maana kama angesema turudi, nilikuwa nimempeleka mtoto wa watu moja kwa moja kwenye mizani ya Seif kwa ajili ya adabu zangu. Halafu mama akatia mkono mfukoni, akatoa kalamu yake ya wino, nyeusi, ina kifuniko cha kukazwa. Akampa.

Mkono wenye hina ukatoka ukaipokea. Zainabu akafunua uso, akamshika mkono yule mama, akamshukuru kwa Kiingereza, na hakuishia kwenye asante, alimwaga maneno yaliyonyooka mpaka yule mama akasahau kuuachia mkono. Kumbe mpishi alikuwa anahangaika bure muda wote. Nilipomuuliza Zainabu mbona hukusema mapema, akaniambia, "Si ulinifunda mwali hasemi mpaka apewe?"

Nikapewa pa kulala kwa mke wa mpishi, na mchana nikawa nakaa chini ya dirisha la darasa nisikie elimu. Nilikwenda na hamu, nilidhani nitasikia mambo ya nyota na bahari. Somo la kwanza likawa namna ya kukaa kitini magoti pamoja. La pili kufagia, pembe za chumba kwanza, katikati baadaye. La tatu kutandika kitanda. Halafu kuteremsha sauti, kutokimbia barazani, kutozungumza na wanaume ovyo, na kengele ikilia kila mtu ndani. Nikacheka peke yangu pale chini. Garimoshi lote lile, masizi yote yale, nimekuja kukuta unyago wa Kizungu, umekosa ngoma tu. Yule mama naye alikuwa kungwi, tena kungwi mkali, mwenye funguo.

Lakini baada ya alasiri walifungua vitabu. Hapo ndipo nilipomwona Zainabu, ameinamia meza, kalamu mkononi, amesahau kama nipo. Nimewaona maharusi wengi wakiwa na furaha ya kupigiwa vigelegele. Hii ilikuwa nyingine, hakuwa anaangaliwa na mtu.

Siku iliyofuata mama mkuu akaniita. Garimoshi la kwenda pwani lipo kesho, nami nipande. Nikamwambia fungate haijaisha. Mpishi akatafsiri, mama akatikisa kichwa: mgeni halali chuoni, na mke wa mpishi ana watoto. Ikabidi. Nikaenda kumuaga Zainabu, na kile kitambaa kimekunjwa kifuani kwangu, cheupe vilevile kama kilivyotoka kwa Seif.

Nikamwambia kweli. "Mwanangu, fungate sikuimaliza na sina cha kumwonyesha bibi yako. Nitamweleza kwa mdomo, na unajua atakavyonijibu."

Akasogeza vitabu vyake pembeni. Halafu akasema, "Nipe hicho kitambaa."

Akakitandaza mezani. Akafungua ile kalamu, akaigandamiza nchani, akaiacha itoe. Wino wa buluu ukatoka tone, ukashika bafta, ukasambaa mpaka ukawa mpana kama kiganja. Vidole vyake navyo vikaloa, buluu juu ya hina.

"Mpelekee," akasema. "Mwambie nimepokewa."

Nyie mnacheka, lakini ndani ya garimoshi mie sikucheka. Yule bibi atadhani tumemdhihaki. Tumechukua kitu cha heshima tumekifanyia mchezo. Nilikuwa nakitoa kifuani nakiangalia, nakirudisha, na abiria wenzangu wakadhani nina msiba.

Nilipoingia uani Bi Kidawa alikuwa amekaa na wanawake wa mtaa, mkeka umetandikwa, sinia lipo. Alishajua siku, Bwana Athumani alikuwa na watu wake stesheni waliopeana habari kwa simu ya reli. Bwana Athumani mwenyewe amesimama mlangoni na koti la safari amelivaa, tayari kwa lolote litakaloamriwa. Sikuulizwa habari za safari. Mkono ulinyooshwa tu.

Nikampa. Akakitandaza juu ya sinia. Wanawake wakasogea, wakaona buluu.

Sasa muelewe, Bi Kidawa alikuwa mjuzi wa kukagua vitambaa. Kuku wengi wa Temeke wamekufa kwa ajili ya heshima za watu, na yeye alikuwa akiwatambua kuku hao mmoja mmoja. Akakinusa. Akakiinua kwenye jua, akakigeuza upande wa pili.

"Nini hiki?"

"Wino, bibi. Wa kalamu aliyopewa kipamkono na mkuu wa chuo."

"Nani kaumwaga?"

"Mwenyewe. Kwa mkono wake, mbele ya macho yangu. Kasema nikwambie amepokewa."

"Leteni ndimu na chumvi," akasema.

Akaikata ndimu, akakamulia, akatia chumvi, akafikicha. Alifikicha kwa nguvu, mishipa ya mkono imemsimama, na hakuna aliyethubutu kumwambia pumzika. Povu likawa la buluu, vidole vyake vikawa vya buluu. Akasuuza kwenye kata ya maji, akakiinua tena. Doa lilikuwa palepale.

Akaviangalia vidole vyake muda mrefu. Akajaribu kuvifuta kwenye kanga, havikutakata. Nikaona machozi yanamtoka, hakuyaficha wala hakuyafuta.

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kikasha chake cha mti wa msaji ambacho sie wote tulikuwa tunakijua kwa nje tu. Ndani kulikuwa na vitambaa viwili vya zamani, vimekuwa vya manjano kwa kukaa. Kimoja cha kwake, kimoja cha mama yake Zainabu, alichomwachia alipofariki. Akakikunja hiki cha tatu kikiwa kibichi, akakiweka juu yao, akafunga.

"Athumani," akasema, "vua koti. Nenda dukani kamwambie Seif, mwali keshachukuliwa."